Mwavuli Hausimami Langoni

Kothai alimshika bintiye vidole, akadhani ameshika mtoto. Sikieni, enyi wenye watoto.

Walikuwa Lango la Ndovu, hapo Madras, wakingoja miavuli mikubwa ya Mungu inayopelekwa kwa miguu hadi mlima wa Tirupati. Lango lenyewe halipo. Wazungu wa Kampuni, wafanyabiashara waliotawala hapo zamani, waliuzungushia mji ukuta, na hata hekalu walilihamisha lilipowazuia njia. Leo ukuta umekuwa vumbi, Kampuni imekwenda zake, na hekalu linapiga kengele kila alfajiri. Wachukuzi wa miavuli nao, wakifika palipokuwa na lango, hutimua mbio. Mwavuli hausimami hapo, ndivyo walivyorithi.

"Wifi, kumtuma mumeo chumvi ni ugomvi," alitania Sundari, dada wa mumewe. "Leo chini ya mwavuli utaona anavyochanja mbuga!"

"Chumvi haina ngoma, wifi. Mpigie ngoma, atakuletea gunia!"

Wakacheka. Vedavalli, binti wa miaka sita, alikuwa bado analamba samli ya wali mtamu vidoleni.

"Govinda! Govinda!" umati ukaliita jina la Mungu.

Miavuli myeupe ya hariri ikachomoza, ikiyumba juu ya vichwa, mizuri hata Kothai akasahau kuvuta pumzi. Akainua mikono yote miwili kusalimu.

"Baba!"

Vedavalli alikuwa katikati ya njia.

Wachukuzi walikuja mbio, macho juu. Kama wa mbele angesimama, wa nyuma wangemkanyaga. Kothai alipiga ukelele, ngoma zikaumeza. Mumewe, Dhananjayan, ndiye aliyetangulia na mwavuli.

"Mtoto! Gawanyikeni!" alifoka Dhananjayan.

Hakuna aliyesimama. Waligawanyika kushoto na kulia kama maji, na mmoja wa washika kamba za kuutuliza mwavuli akamzoa mtoto kiunoni. Vedavalli akavuka lango chini ya kivuli cha hariri, akicheka.

Kothai aliwakuta ng'ambo, mwavuli umeegemezwa. Dhananjayan alikuwa amempakata binti.

"Nilimshika, baba Veda. Naapa nilimshika."

"Ulimshika vipi?"

"Vidole."

"Vya samli," alisema Sundari, safari hii bila utani.

"Mke wangu, hata kamba ya mwavuli huzungushwa mkononi. Mtoto je?"

Mwaka uliofuata Kothai hakumwacha nyumbani; nani angemnyima mtoto uzuri ule? Alimkamata kifundo cha mkono. Miavuli ilipopita, wote wakainua mikono. Yeye aliinamisha kichwa tu.