Sahihi ya Wickett

Orest Balko aliisoma barua akiwa amesimama jikoni, koti bado mwilini, na alipofika mstari wa tatu akatafuta kiti. Mwenyekiti wa chama cha wakusanya noti za kale hapo mjini Dauphin alikuwa amemwandikia kwa furaha isiyo kifani. Imepatikana noti ya Wickett ya pili! Mchuuzi mmoja wa mji wa Regina, Bwana Garth Spindler, angekuja nayo Jumamosi kwenye maonyesho ya chama. Je, Orest angekubali kuileta ya kwake, zilazwe pamoja mezani, na yeye kama bingwa wao aseme kama hii mpya ni halali?

"Kafa nani?" Stefka, mkewe, akauliza bila kugeuka kutoka kwenye sufuria.

"Hakuna aliyekufa."

"Basi funga mdomo, baridi inaingia."

Orest akaufunga. Shida yake ilikuwa moja tu, na hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata huyu mwanamke aliyelala naye kitanda kimoja tangu ujana. Wickett hakuwahi kuwepo duniani.

Benki ya Bonde la Swan ilikufa kabla Orest hajazaliwa, ikaacha noti zake za dola tano za mwaka 1911. Sahihi ya kushoto, ya rais wa benki, ilichapwa kiwandani pamoja na noti yenyewe. Ya kulia iliandikwa kwa mkono na karani, aliyeketi kutwa nzima akitia jina lake noti baada ya noti mpaka vidole vikafa ganzi. Makarani wakaja na kuondoka, na hapo ndipo ugonjwa wa wakusanyaji ulipoanzia. Noti ni ile ile, na garimoshi lile lile linapita katikati ya ngano ile ile, ila za karani huyu zimebaki mia na za karani yule zimebaki tatu. Watu wazima wenye wajukuu hukosa usingizi kwa ajili ya mwandiko wa kijana fulani aliyezikwa zamani, na ukiwauliza kwa nini, wanakutazama kama mgonjwa ni wewe.

Mwaka 1955 Orest alikuwa na miaka ishirini na saba, karani wa mizigo pale stesheni. Alinunua sanduku la makaratasi ya marehemu mmoja, na ndani yake akakuta noti ya benki hiyo iliyotoka kiwandani lakini haikufika mezani kwa karani. Upande wa kulia palikuwa patupu. Siku zile wazee wa chama walikuwa wakimwita Bwana Kabichi, kwa sababu ya jina lake la Kiukreni na chakula cha mama yake, na kwenye mikutano alikuwa akisimama nyuma karibu na makoti. Jumapili moja akachukua kalamu ya kuchovya na wino wa stesheni uliochujuka, akaandika T. Wickett. Jina lilikuwa la mvulana aliyemsukumia kwenye theluji walipokuwa darasa la tatu.

Alikusudia kuwacheka wazee wiki moja, kisha awaambie. Lakini walipoishika noti, mmoja akavua kofia. Kisha mwingine akamvutia Orest kiti mbele kabisa. Akakikalia, akanyamaza. Mwaka uliofuata Wickett akaingia kwenye kitabu cha orodha, na picha yake, na maneno "inajulikana moja tu, iko kwa O. Balko". Tangu hapo Orest aliishi kama mtu anayesubiri mlango ugongwe.

Sasa, miaka thelathini na mitatu baadaye, kumbe kuna mtu kauiga uwongo wake. Alikaa na barua mkononi akiwaza aibu iliyokuwa njiani. Ndipo wazo jingine likamjia, tamu na baya. Akisema tu "halali", Wickett wanakuwa wawili, na nani atamtilia shaka karani mwenye noti mbili? Atakufa bingwa. Aliifurahia fikra hiyo kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, kisha simu ikalia.

"Umesikia?" Alikuwa Verna Tully, mkusanyaji mwenzake. Verna aliendesha basi la shule kwa miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu, na mpaka leo aliongea kana kwamba unayezungumza naye ameketi kiti cha nyuma. "Orest! Ya pili! Niambie umesikia!"

"Nimesikia, Verna. Hata jirani yangu sasa amesikia."

"Makarani kumi na watatu ninao, wa kumi na nne ndiye huyo. Nilishakata tamaa mimi, nilijua nitakufa na pengo kwenye albamu. Spindler anataka dola elfu kumi na moja."

"Elfu kumi na moja utazitoa wapi?"

"Nimekiuza kibanda."

Kibanda hicho cha Ziwa Clear kilijengwa na Gordie, kaka yake Verna, kwa mikono yake mwenyewe, kiangazi cha mwisho kabla ya mapafu kumuua. Verna hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na ziwa lile, na kila asubuhi ya kiangazi aliogelea humo, mpaka Septemba, midomo ikiwa ya bluu.

"Umeshauza?"

"Bado kutia sahihi tu, Jumatatu. Jumamosi nampa Spindler hundi yenye tarehe ya mbele."

"Usinunue."

"Nini?"

"Usinunue, Verna. Sijaipenda."

"Hujaiona!"

"Huyo Spindler simwamini. Subiri mwaka mmoja, tuichunguze..."

"Nikuambie, Orest?" Verna akasema, sauti imeshuka. "Una wivu. Umezoea kuwa peke yako na Wickett wako. Miaka yote hii nakubembeleza niione tu, niishike tu dakika moja, na wewe unanionea huruma tu, huitoi. Leo nakaribia kupata ya kwangu, unanuna."

Akakata simu. Orest alibaki ameshika mkono wa simu, uso unamwaka moto. Angeitwa mwongo ingemuuma kidogo, maana alistahili. Lakini kuitwa mchoyo na Verna kulimchoma hasa.

Wiki ile hakula. Stefka alimpikia kabichi zake zilizosokotwa na wali ndani, akamtazama akizisukuma kwenye sahani, akasema kama ni jino akaling'oe, kama ni mwanamke mwingine amlete waonane. Orest hakucheka. Ijumaa alimpigia Verna mara mbili, na mara mbili simu ikaita mpaka ikachoka.

Jumamosi ukumbi wa chini ya kanisa ulijaa watu na harufu ya kitunguu. Stefka na akina mama wenzake walikuwa kwenye dirisha la jiko wakiuza pirohi, vifuko vya unga vilivyojazwa viazi, kwa krimu chachu. Katikati ya ukumbi mwenyekiti alikuwa ametandika kitambaa cha kijani, na juu yake zikalazwa noti mbili, ya Orest na ya Spindler, kila moja ndani ya mfuko wake mwangavu. Spindler alikuwa mtu wa tai na tabasamu, anayemwita kila mtu "rafiki yangu". Labda alijua anauza nini, labda naye aliuziwa. Verna alisimama pembeni, hamtazami Orest. Kitabu cha hundi kilikuwa tayari mkononi.

Orest akainama na lenzi yake. Hakuhitaji hata dakika. Kwenye noti yake, juu ya mstari unaokata zile t mbili, palikuwa na tone dogo la wino. Siku ile ya mwaka 1955 Stefka alimwita kula kwa ghafla, akashtuka, kalamu ikakwama kwenye karatasi. Na hapa, kwenye noti ya pili, karani yule yule alikuwa ameshtuka mahali pale pale. Mwigaji alikuwa amenakili kutoka kwenye picha ya kitabu, kwa bidii, pamoja na tone lake.

"Haya, rafiki yangu," Spindler akasema. "Tunakusikiliza."

Watu thelathini walikuwa wakisubiri kichwa chake kiiname. Shingo yenyewe ilitaka kuinama, ilikuwa imejiandaa wiki nzima. Akasikia Verna anabonyeza kalamu.

"Ni ya uwongo," Orest akasema.

Minong'ono ikapita. Verna akatikisa kichwa kwa uchungu, kama mtu aliyetarajia hivyo. Spindler hakupoteza tabasamu. "Kwa ushahidi gani? Karatasi ni halali, chapa ni halali, na sahihi inalingana na yako unywele kwa unywele."

"Ndiyo. Kwa sababu na yangu ni ya uwongo. Niliiandika mimi."

"Orest," mwenyekiti akamwambia taratibu, "asubuhi ulikula kitu?"

"Mzee amechoka," Spindler akasema. "Jamani, mpeni maji."

"Sitaki maji, nataka kalamu."

Hakuna aliyetaka kumpa, hivyo akamnyang'anya Verna ya kwake mkononi. Akavuta karatasi ya bei ya pirohi, akaigeuza, akaandika. Alikuwa hajaliandika jina lile kwa miaka thelathini na mitatu, lakini mkono haukuwa umesahau kitu, si ile T yenye mgongo, si ule mkia wa mwisho unaorudi chini kama ndoana. Mwenyekiti akaiweka karatasi kati ya noti mbili. Watu wakasogea, vichwa vikagongana.

"Mama yangu we," mtu akasema.

Spindler alikuwa mwepesi. Mtu wa mwisho kuinua kichwa aliukuta mfuko wa Spindler hauko mezani, na mwenyewe hayuko ukumbini.

Mwenyekiti akavua miwani. "Unajua tutakufuta uanachama."

"Najua."

"Na kitabuni tutaandika."

"Andikeni. Andikeni na jina langu, msikosee."

Hata hayo aliyasikia matamu. Kifua kilikuwa chepesi, na pumzi zilishuka mpaka tumboni, mahali ambapo hazikuwa zimefika tangu alipokuwa kijana. Alikuwa ameaibika mbele ya kila aliyemheshimu, naye alifurahi, alifurahi mno. Kisha akagundua ana njaa.

"Miaka thelathini na mitatu!" Stefka akapiga kelele kutoka dirishani, mwiko mkononi. "Miaka yote unagaagaa kitandani, na mimi nazilaumu kabichi zangu! Mwanamume huyu jamani!"

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha watu waliokuwa wanatafuta ruhusa. Ni Verna tu ambaye hakucheka. Alikuja akasimama mbele ya Orest, karibu sana, naye Orest akajiandaa kupigwa.

"Wickett hayupo."

"Hayupo."

"Hakuwahi kuwepo, hata siku moja."

"Hata siku moja. Nisamehe, Verna."

"Nyamaza kwanza, nahesabu." Midomo yake ilikuwa ikicheza, majina ya makarani yakipita mmoja mmoja. "Kwa hiyo makarani walikuwa wangapi?"

"Kumi na watatu."

"McAra nilimpata lini?"

"Sabini na tisa. Kule Brandon, mvua ikinyesha. Ulinipigia simu kutoka hotelini."

"Na baada ya McAra sikupata mwingine."

"Hapakuwa na mwingine wa kupata."

Verna akaketi. Hakukitazama kiti, kwa bahati kilikuwepo. "Basi ninazo zote," akasema.

"Unazo zote. Miaka tisa sasa. Hakuna mwingine aliye nazo."

Akainuka, akampiga kwa mkoba begani, kipigo cha kweli, Orest akayumba. Akampiga tena. Kisha akafuta macho kwa kiganja, akamuuliza mwenyekiti simu iko wapi, akatoka kwenda ukumbi mdogo wa mlangoni.

Stefka alimletea mumewe sahani bila kumwambia neno, pirohi kumi na mbili na krimu juu. Orest akala. Mlango wa ukumbi mdogo haukufungwa vizuri, na hata ungefungwa, sauti ile ilizoea kufika kiti cha nyuma.

"Kibanda siuzi!" Verna alikuwa akisema. "Hapana. Hapana, bwana, hakuna aliyenipa bei nzuri zaidi. Sina tena cha kununua, basi."