Pumzi ya Fundi Mizani

Kitu cha kwanza binti wa fundi alichokiona ni kitanga cha mizani kutikisika.

Ilikuwa mizani ndogo ya sonara, ile ambayo hata ukiweka unywele juu yake inaujua. Mizani ya namna hiyo haitengenezwi kwa mikono peke yake, inataka na pumzi ibanwe. Baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Mizani, alikuwa na mtindo mmoja ambao kila aliyeingia karakanani aliufahamu. Akishaning'iniza vitanga viwili aliinua kidole juu, na hapo watu wote walinyamaza na kubana pumzi pamoja naye, hata mteja mwenye haraka zake. Sindano inayumba, inapunguza mwendo, inasimama. Ndipo fundi alishusha kidole na chumba kizima kikapumua kwa mkupuo, kama watu walioibuka kutoka majini. Kwa kubana pumzi hakuna aliyemuweza. Wengine walishindwa wakakimbilia nje kukohoa, wakarudi, yeye bado ameinama na macho yametulia tuli.

Asubuhi hiyo aliinua kidole, na kabla sindano haijasimama kitanga kikatikisika. Pumzi ilikuwa imemponyoka. Akainua kidole tena. Ikamponyoka tena.

"Vumbi hili," alisema, akajifuta paji la uso.

Binti yake aliyekuwa kwenye kigoda pembeni, akisugua mawe ya mizani kwa kitambaa, hakusema neno. Kusema hakukuwa fani yake. Tangu utotoni walimwita Kimya, na jina lilimkaa vizuri hata wateja wakadhani ndilo alilopewa siku ya kuzaliwa.

Karakana ilikuwa chumba kimoja. Mizani za mabucha zilining'inia kwenye misumari, za wauza mkaa zilipangwa sakafuni, na juu ya meza kulikuwa na springi, bisibisi na kopo la grisi. Ukuta wa upande wa kushoto ulikuwa mbao tupu, na nyuma ya mbao hizo Mjomba, kaka wa marehemu mama yake, aliuza betri na kutengeneza redio. Tangu korona iingie, Mjomba hakungoja habari zimfikie fundi kupitia ukutani. Saa ya taarifa ikifika alibeba redio yake, akaiweka katikati ya meza ya shemeji yake, halafu akasimama na mikono kiunoni tayari kwa ugomvi.

"Haya, shemeji! Umesikia? Wamepanda tena. Jana wachache, leo lundo. Hao watu wanaugua usiku kucha?"

"Wamepima wangapi?" fundi aliuliza bila kuinua kichwa.

"Hawajasema."

"Basi hawajasema kitu. Ukiniambia uzito, niambie na gunia. Ukipima gunia moja leo na kesho ukapima kumi, utapiga kelele kwamba mahindi yameongezeka?"

"Ndiyo hayo ninayosema mimi! Uongo mtupu!"

"Mimi sijasema uongo. Nimesema sijaona gunia."

"Na hao wenyewe waliokutwa nao, nusu yao hata mafua hawana. Ugonjwa gani huo usiojua hata kuuma?" Mjomba alimgeukia Kimya. "Au wewe mpwa wangu unaonaje? Ah, namuuliza nani! Bora niulize jiwe la kilo mbili."

Kimya alitabasamu na kuendelea kusugua. Lakini sikio lake halikuwa kwenye redio. Lilikuwa kwa baba yake. Fundi alikuwa anakata maneno vipande vipande, anavuta hewa katikati ya sentensi, mahali ambapo zamani hakuwa anavuta. Akimaliza, anacheka, na kicheko nacho kinakatika.

Mchana uleule aliingia Nesi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mwendo wa haraka, anafanya kazi kwenye kituo cha afya cha pale jirani, na kila mara mizani ya kupimia watoto wachanga ikigoma huileta mwenyewe akiwa ameikumbatia kama mtoto. Siku hiyo barakoa ilimfunika hadi karibu na macho.

"Fundi, mizani yako inaniaibisha. Mtoto wa jana amekuwa mzito kuliko mama yake."

"Iweke hapo, dada. Nitaitazama." Fundi alivuta hewa. "Hebu tuamulie. Zile namba za redioni, mimi nadai kwanza nione gunia, wamepima wangapi. Ni kubwa mno au ndogo mno?"

"Ndogo," Nesi alisema papo hapo.

"Ah, huyu naye!" Mjomba alipiga kofi. "Si analipwa na haohao!"

"Nalipwa na haohao, na mshahara haujaingia mpaka leo, kwa hiyo acha nikwambie. Fundi anadai aone gunia, na hapo namuunga mkono, hata sisi tunawadai. Ila kuna watu wasiokuja kupimwa kabisa. Wamelala majumbani. Hao hamjawaweka kwenye kitanga chochote, na bado mnabishana kuhusu uzito."

"Wamelala majumbani kwa sababu hawaumwi!" Mjomba alisema. "Ndiyo maana nasema ni kaugonjwa kadogo."

"Kwa wengi ni kadogo kweli, sibishi. Shida yake ni kwamba hakasemi mapema katakuwa kadogo kwa nani."

Fundi alifungua mdomo amjibu. Alianza vizuri, akafika katikati, akasimama kutafuta hewa, akamalizia. Nesi aliacha kutabasamu. Kimya aliona macho yale juu ya barakoa yakimtazama baba yake jinsi yeye alivyokuwa akimtazama tangu asubuhi.

"Fundi, nipe kidole."

Alitoa mfukoni kitu kidogo kama kibanio cha nguo, akakibana kwenye kidole cha shahada cha fundi. Kidole kikawaka. Mwanga mwekundu ulipenya nyama na ukucha, ukatokeza kama kaa la moto lililomezwa. Juu ya kibanio zikatokea namba, na chini yake mstari ulioruka na kushuka, ukaruka na kushuka.

Kimya alisimama bila kujijua. Alikuwa ameishi na mizani maisha yake yote, lakini hajawahi kuona mizani ya kupima mtu kwa ndani. Ule mstari ulikuwa moyo wa baba yake. Moyo wenyewe, unaruka hapo mezani kati ya bisibisi na kopo la grisi, na watu wote wanauona.

"Sabini na tisa," Nesi alisema kwa sauti ndogo. "Inatakiwa tisini na tano kwenda juu. Fundi, unatakiwa uwe umeanguka hapo ulipo."

"Lakini sijaanguka," fundi alisema, akacheka. "Basi kimeharibika hicho."

Hapo ndipo ufundi ulipomwingia. Mtu mwingine angeogopa. Yeye, aliyeshinda miaka yote akikamata mizani zinazodanganya, aliona mizani nyingine tu inayodanganya. Akamwagiza Mjomba alete betri mpya. Zikabadilishwa. Themanini. Akapasha mkono moto kwa kuusugua kwenye paja. Sabini na nane.

"Tujaribu kwa wengine," alisema. "Mizani haihukumiwi kwa mzigo mmoja."

Nesi alitoa kidole chake: tisini na nane. Mjomba akatoa cha kwake akiwa amegeuza uso pembeni kama mtoto anayechomwa sindano: tisini na saba. Kisha Kimya. Kibanio kilikuwa baridi. Mwanga ukapita ndani ya kidole chake, na kwa mara ya kwanza aliiona damu yake mwenyewe ikifanya kazi ambayo hakuwahi kuiagiza wala kuishukuru. Tisini na tisa.

Fundi alikichukua kile kibanio, akakigeuzageuza, halafu kabla mtu hajamzuia akachomoa bisibisi ndogo kuliko zote na kukifungua.

"Fundi! Hicho ni cha kituo!" Nesi alipiga kelele. "Mtu mwenye pumzi kama yako anakaa kufungua skrubu? Twende hospitali!"

"Sijawahi kuamini mizani ambayo sijaona tumbo lake, dada. Dakika moja."

Haikuwa dakika moja. Skrubu zilikuwa ndogo kama punje za mtama na bisibisi iliziteleza kila mara. Midomo yake ilikuwa imeanza kugeuka rangi, kama mtu aliyekula zambarau. Nesi alikuwa mlangoni tayari, simu sikioni, anaita teksi. Lakini Kimya aliinama karibu, na alipoona kilichomo ndani alisahau hata woga. Hapakuwa na springi. Hapakuwa na sindano. Kulikuwa na taa ndogo upande mmoja, na upande wa pili kitu kama jicho, vinatazamana.

"Kinapimaje sasa?" fundi alinong'ona.

"Kinaitazama damu," Nesi alisema, simu ingali sikioni. "Damu iliyoshiba hewa ina wekundu wake, na yenye njaa ina wekundu wake. Basi."

"Kwa kutazama tu?"

"Kwa kutazama tu."

Fundi aliinama akakichungulia tena. Uso wake ulikuwa na mshangao wa mtu aliyefunguliwa mlango wa chumba ambacho hakujua kama kipo nyumbani kwake. Akakifunga kile kibanio taratibu, skrubu baada ya skrubu, akakijaribu kwa Kimya. Tisini na tisa. Akakibana kwenye kidole chake mwenyewe na kukiacha hapo muda mrefu. Mjomba aliizima redio.

Sabini na sita.

"Mizani ni nzima," fundi alisema.

Maneno hayo aliyatamka kila siku ya Mungu. Wenye mabucha walikuwa wakiyapokea kwa kicheko, wakalipa, wakaondoka. Safari hii Mjomba, yule mwenye mdomo wa kubishana hata na mvua, alijifunika uso kwa viganja viwili.

Lakini kukubali mizani ni jambo moja na kunyanyuka ni jingine. "Nikienda," fundi alisema, "kesho watanisoma redioni. Nimebishana na namba hizo mpaka leo. Niingie humo humo?"

"Utaingia ukiwa unapumua," Nesi alisema. "Simama."

Kimya hakungoja wamalize. Alipiga magoti, akavitafuta viatu vya baba yake chini ya meza, akamvisha kimoja kimoja. Fundi alimtazama utosini, na hakuuvuta mguu nyuma.

Hospitali waliwapokea kwenye chumba kirefu chenye madirisha wazi. Walimwingiza fundi kijiti puani, wakamchukua kipimo, wakasema majibu yatarudi kesho na kwamba hata waliokuja naye watapimwa. Kimya alivishwa gauni la karatasi na barakoa mbili, akaambiwa anaweza kukaa kidogo, asishike kitu; Mjomba akaachwa nje. Kando ya kitanda ulisimama mtungi wa chuma mrefu kama yeye. Wakamfunika fundi mdomo na pua kwa barakoa yenye mpira wa hewa, wakazungusha ufunguo wa mtungi, na hewa ikaanza kulia fyuu.

Kimya alikodolea macho kidole cha baba yake, kilichobanwa kibanio kingine kama kile cha Nesi. Sabini na saba. Themanini na moja. Namba ilipanda polepole kama mtu mzima anayepanda ngazi, inapumzika, inapanda. Themanini na sita. Wekundu ulirudi midomoni. Hewa ilikuwa kila mahali, madirisha yote yalikuwa wazi, miti ya nje ilikuwa inaichezea tu, na bado mtu aliweza kuikosa, akaletewa ndani ya chuma. Alitaka kupiga magoti mbele ya ule mtungi. Tisini na moja.

Fundi alifumbua macho. Akatazama namba, akatazama mtungi, akatingisha kichwa kwa heshima kama anavyofanya akiona kazi ya fundi mwenzake. Kisha akaingiza kidole gumba chini ya kamba ya ile barakoa na kuivuta pembeni.

"Tayari," alisema. "Nimekaa sawa. Niitie mjomba wako turudi nyumbani."

Namba ikaanza kushuka. Tisini. Themanini na saba. Nesi, aliyebaki kuwasaidia wauguzi wa pale, alikuwa mwisho wa chumba kwa mgonjwa mwingine, mgongo umegeuka.

"Unanitazama nini, mwanangu?" Fundi alitabasamu. "Mbona naongea vizuri tu."

Nyumbani kwao kulikuwa na siku moja ambayo haikuzungumzwa. Kimya alikuwa darasa la nne, na baada ya siku hiyo hakuna aliyemwambia arudi shule wala asirudi, akajikuta amekaa kwenye kigoda karakanani, miaka ikapita. Baba hakuitaja siku hiyo. Mjomba, pamoja na mdomo wake wote, hakuitaja. Na yeye alidhani ameshaimeza ikaisha.

Themanini na nne.

"Mama naye alikuwa anaongea vizuri," alisema.

Mkono wa fundi ulisimama kwenye kamba.

"Alikuwa chumbani, anawajibu kupitia mlango. Anawatania. Wewe na Mjomba mlikuwa sebuleni mnabishana kama homa yake ni kubwa au ndogo, mimi nimekaa mlangoni katikati, namuona yeye na nawaona ninyi. Nilimuona anavyovuta hewa, Baba. Nilikuwa mdogo, nikajua watu wazima mnaona." Sauti ilimtetemeka lakini haikukatika. "Sikukasirikii. Sijawahi. Lakini siwezi kukaa mlangoni mara ya pili. Rudisha hicho kitu mdomoni. Rudisha, Baba, halafu lala."

Fundi aliirudisha barakoa, na namba ikaanza kupanda tena.

"Mimi nakaa hapa," Kimya alisema. "Sitaki kubaki bila wewe."