Ini la Anselmo

Noela aliporudi kutoka Japani na shahada yake ya uzamivu, kaka yake Anselmo alimfanyia sherehe nyumbani kwake Tandika. Alisimama mbele ya wageni, akashika kipaza sauti, akasema mdogo wake anaona ndani ya ini kama watu wengine wanavyoona ndani ya glasi ya maji. Watu wakapiga makofi. Kuanzia siku hiyo mtaa mzima ukamwita Noela daktari wa ini, na kila alipojaribu kueleza kwamba yeye ni mwanafizikia, Anselmo alicheka. "Mwacheni," alisema. "Anajishusha tu."

Kazi yake ilikuwa ya maini kweli, ila ya panya. Huko Japani kulikuwa na mtambo wa duara, mkubwa kuliko uwanja wa mpira, uliotoa eksirei kali kiasi kwamba mishipa ya damu myembamba kuliko unywele ilionekana waziwazi. Wenzake waliwapandikizia panya saratani ya ini, naye akapiga picha jinsi mishipa mipya ilivyochipuka kuulisha uvimbe. Uvimbe usiopata damu haukui, kwa hiyo huivuta mishipa kwake, nayo huja imepindapinda, imesongamana bila mpango. Noela aliipenda kazi ile. Aliporudi alipata nafasi ya kufundisha chuoni, akapanga nyumba Goba, na mtambo wa namna ile hakuukaribia tena.

Anselmo ndiye aliyemlea. Wazazi wao walifariki Mbinga Noela akiwa bado shule ya msingi, na kaka yake, aliyekuwa ameshapata kazi ya kuendesha mashine za kupakulia mizigo bandarini, akamfuata na kumleta Dar. Alimsomesha kabla hajaoa, na alipooa aliendelea kumsomesha.

Alipoanza kukonda ilikuwa Kwaresima, na mkewe Margareta akadhani ni mfungo. Pasaka ikapita, akazidi kukonda, ila tumbo upande wa kulia likawa linajaa na kuwa gumu. Hospitali ya jirani wakampima kwa ultrasaundi, wakaona uvimbe mkubwa kwenye ini. Damu ikaonyesha alikuwa na homa ya ini, pengine tangu utotoni. Wakamwandikia kwenda hospitali kubwa kupigwa picha ya CT.

Noela alimpeleka kwa gari lake, Margareta akakaa kiti cha nyuma. Njiani Anselmo alikuwa mtulivu, karibu mchangamfu.

"Wengine wakiambiwa hivi hawana pa kukimbilia," alisema. "Mie ninaye mtu."

Noela alishika usukani kwa mikono yote miwili, akatazama mbele.

Kwenye chumba cha mashine alikuwepo Jonas, mtaalamu wa mionzi aliyewahi kufundishwa naye chuoni. Alifurahi kumwona, akamruhusu akae naye nyuma ya kioo wakati Anselmo akilazwa kitandani na kuchomwa mshipani dawa ya kuing'arisha damu pichani. Noela alisema tu kwamba amemleta mgonjwa. Jonas hakuuliza zaidi.

Picha zikaanza kuja. Ini lenye afya hupata sehemu kubwa ya damu yake kutoka kwenye utumbo, kupitia mshipa mmoja mpana. Uvimbe hufanya tofauti, wenyewe hunyonya kwenye ateri, mshipa unaotoka upande wa moyo na kufikiwa kwanza na dawa. Kwa hiyo dawa ilipofika mara ya kwanza, ini lilikuwa bado la kijivu na uvimbe ukawaka mweupe katikati yake, mkubwa kama ngumi mbili. Hilo Noela alilitarajia. Alijua pia kwamba mgonjwa wa hivi huweza kusaidiwa: daktari hupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye paja hadi kwenye ateri ile, akaumwagia uvimbe dawa, kisha akaziba njia ili ufe njaa. Tangu ultrasaundi alikuwa ameshikilia hilo.

Kisha akautazama ule mshipa mpana. Ulikuwa umeziba. Likiwa ni donge la damu iliyoganda tu, alijisemea, litabaki jeusi, maana donge halina mishipa. Akamwomba Jonas akuze picha. Ndani ya kizibo kile kulikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba, zimepindapinda, zikifuatana kuelekea juu. Uvimbe wenyewe ndio ulioingia mle, na ulikuwa umeota mishipa yake humo humo.

"Dokta, umeona hizo nyuzi?" Jonas alisema. "Kwenye vitabu ndiko naziona hivi. Hii ni picha ya kufundishia kabisa."

"Naziona."

"Nihifadhi nakala?"

"Ni kaka yangu, Jonas."

Jonas akaondoa mkono kwenye kipanya. Ng'ambo ya kioo Anselmo alikuwa amelala mikono ikiwa juu ya kichwa kama alivyoelekezwa, na alipomwona Noela anamwangalia, akatabasamu.

Daktari bingwa, mama mmoja aliyeitwa Eliaichi, aliwaita wote watatu, Anselmo, Margareta na Noela. Hakuzungukazunguka. Kwa kuwa mshipa mkubwa umeziba, alisema, ini linaishi kwa ateri peke yake, na akiiziba hiyo ataua ini zima. Kukata hakuwezekani. Dawa za vidonge zipo, lakini macho ya Anselmo yalishaanza kuwa ya manjano, na ini lisingezihimili.

"Tutahakikisha haumii," alisema. "Hilo nawaahidi."

Anselmo akamgeukia Noela, kama mtu anayesubiri tafsiri. Noela akatazama sakafuni.

Walipofika Tandika, Margareta alimfuata Noela uani.

"Wifi, ile mashine ya Japani. Hawawezi kumchukua?"

"Ile inapiga picha tu, wifi. Haitibu. Na ni ya panya."

"Lakini si inaona hata vidogo kabisa? Ulisema mwenyewe."

"Inaona."

Margareta alichezea pindo la kanga. "Miaka yote ile," akasema. "Mume wangu anafanya kazi za ziada, watoto hawamwoni, ili wewe ukajifunze kuangalia?"

Hakusema kwa hasira.

Anselmo hakumwambia mtu alichosema daktari. Wageni walipokuja kumjulia hali, aliwaambia Noela anashughulikia, kuna tiba inasubiriwa. Kila Jumamosi Noela alipotoka Goba na kuingia mtaa ule, majirani walimzunguka. Mzee Sadallah wa duka la pembeni, ambaye Noela alikuwa akimwamkia tangu akiwa na sare ya shule, alimshika mkono na kusema, "Tunakutegemea, daktari." Noela alisema ahsante. Hakuweza kumfanya kaka yake mwongo mbele ya watu. Akirudi kwenye gari alikaa muda mrefu kabla ya kuliwasha.

Jumamosi moja alasiri alimkuta peke yake, ameegemezwa mito, miguu imevimba. Aliketi kando yake, akamsugua nyayo.

"Noe," Anselmo alisema. "Wale panya wako. Walipona?"

"Hapana, kaka."

"Hata mmoja?"

Angeweza kumdanganya. Alifikiria kufanya hivyo. "Tuliwaua," alisema. "Ilibidi ini litolewe ndipo lipigwe picha."

Anselmo alifumba macho. Noela alidhani amelala, kisha akaona machozi yakishuka kuelekea masikioni.

"Mie nilifikiri mnawatibu," alisema. "Siku zote nilifikiri mnawatibu, na mie nikawaambia watu hivyo."

"Wengine watakuja kutibu, kaka. Sisi tulikuwa wa mwanzo tu."

"Lini?"

Noela akaendelea kumsugua nyayo. Baada ya hapo Anselmo hakumuuliza tena jambo lolote la ugonjwa, na wageni waliofika hakuwaambia tena habari ya tiba. Alikuwa akiitikia salamu na kugeukia ukutani. Hilo lilimuumiza Noela kuliko uongo wa mwanzo. Angalau wakati ule alikuwa na kitu cha kuwasimulia watu.

Maumivu hayakuzuilika yote, licha ya ahadi. Dawa ya maji aliyopewa ilimlaza, lakini alipoamka alilia kwa sauti ambayo watoto hawakuwahi kuisikia, na Margareta akawapeleka kwa jirani. Alifariki Jumatano asubuhi, mkewe akimbadilisha shuka. Noela alikuwa darasani, simu imezimwa.

Alipofika, turubai lilishafungwa mtaani na wanaume walikuwa kwenye viti. Hakuna aliyemwita daktari. Ndani, wanawake walikuwa wamekaa chini, na Margareta katikati yao, kichwa amekifunika. Noela alisimama mlangoni, hajui kama anaruhusiwa kwenda pale alipo wifi yake.

Margareta alimwona. Baada ya muda akajisogeza kidogo kwenye mkeka, nafasi ikapatikana, Noela akaenda akaketi. Mabega yao yaligusana. Hawakukumbatiana, na nje mtu alianza kuuliza jeneza litafika saa ngapi.