Robo ya Amani

Bolti ya kumwagia oili ilipokubali kutoka, ilitoka na meno ya tundu la injini. Yalikuwa yamejiviringisha juu yake, membamba, yanang'aa kama maranda ya mbao. Nilikuwa nimelala chali chini ya pikipiki, oili inanichirizikia hadi kwenye kiwiko, na nilijua mara moja ni kazi ya nani.

Baba mkwe wangu alikuwa seremala hadi macho yalipomchosha. Kwa seremala, skrubu haijakaza mpaka kichwa kizame kwenye mbao, na kwake bolti ni skrubu tu iliyozaliwa pahali pengine. Kila alfajiri, kabla sijatoka kitandani, huvaa koti lake, huchomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu zaidi, kisha huizunguka pikipiki nzima. Akishakaza, huongeza kidogo, kama robo ya mzunguko. Hicho kidogo amekipa na jina: robo ya amani.

Mimi ni daktari wa mifugo. Pikipiki yangu ni ile ndefu, ya lami na ya mawe, na bila hiyo mbuzi wa ng'ambo ya mabonde hawaioni chanjo. Robo ya amani ilikuwa imeshakata bolti ya breki na kupasua kifuniko cha injini, nami nikameza hasira. Ningemfokeaje baba wa mume wangu? Nilinunua spana ya kipimo, ile inayolia tik nguvu inapotosha, nikamwelekeza kwa adabu zangu zote. Alisikiliza, akaitikia, akakaza hadi ikalia, kisha akaongeza robo.

"Hiyo ni sauti tu, mwanangu," alisema. "Mkono ndio unaojua."

Nilimpigia simu mume wangu, ambaye kazi imemweka mbali. "Mvumilie mzee," akasema. Kuvumilia kwa simu ni kazi nyepesi sana.

Asubuhi ile uvumilivu ulinikatikia. Mzee alikuja uani na kikombe changu cha chai, nami nikainuka na ile bolti mkononi.

"Umeniulia pikipiki, baba," nikasema. "Mbuzi wanakufa kule, chanjo iko kwenye barafu, na mimi nimekaa hapa. Nimekuomba mara ngapi? Usiiguse tena. Hata bolti moja usiiguse."

Aliipokea bolti, akaisogeza karibu na jicho, akayapapasa yale maranda kwa kidole gumba.

"Nimekaza sana," alikiri.

"Umekaza mno."

"Nati ya gurudumu haikukazwa mno."

Msimu wa mvua uliopita, nati ya gurudumu la nyuma ililegea njiani na kudondoka, nikaishia korongoni na mkono uliovunjika. Hatukuwahi kulizungumza.

"Aliyeniletea habari aliniambia umekufa," alisema, macho bado kwenye bolti. "Nilitembea hadi hospitali natafuta maneno ya kumwambia mwanangu. Sikuyapata. Mpaka leo sijayapata."

Akaweka kikombe juu ya tofali, akaingia ndani. Mimi nikabaki na hasira zangu, sijui niziweke wapi, maana tundu la injini lilikuwa limekufa vilevile.

Fundi pikipiki alifika mchana, akalichimba upya na kulitia meno ya chuma.

"Nani alikaza hii?" aliuliza. "Alikuwa amekasirika?"

"Alikuwa anaogopa," nikamjibu. Hakuelewa, wala sikumweleza.

Alfajiri iliyofuata sikusikia spana. Mlio ule ulikuwa umenikera miezi yote, na sasa nilijilaza nikiusubiri, nikajikasirikia kwa kuusubiri. Nilipotoka nilimkuta ameketi kizingitini, koti amelivaa, mikono ameipakata kama mtu anayengoja kuitwa ofisini.

Nilipakia kasha la chanjo. Kisha nikachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, nikaivika nati spana ya kipimo.

"Baba, njoo unikazie hii."

"Umesema nisiguse."

"Nimesema mengi. Njoo."

Alipiga goti taratibu. Nilimwekea mkono kwenye mpini, akavuta. Nati ikasogea, ikasita, ikasogea. Tik.

Mabega yake yalikuwa bado yanavuta. Niliuona msuli wa mkono wake umesimama, unaidai ile robo, na ulimi ulinijaa maneno makali ya jana. Nikayashika.

"Imelia," alisema.

"Imelia."

"Bado inapokea."

"Najua, baba. Tuiache hapo."

Alibaki ameushika mpini muda mrefu kuliko nilivyokuwa na subira. Kisha vidole vikafunguka, kimoja kimoja, akanirudishia spana.

"Ukifika, nipigie," alisema. "Mimi, si mumeo."

"Nitakupigia wewe kwanza."

Niliwasha, nikatoka langoni. Kabla ya kona nilitazama kioo cha pembeni. Alikuwa amesimama katikati ya njia, koti limefungwa hadi shingoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa mbele yake, umeshika hewa, na polepole, kwa nguvu zake zote, ulikuwa unaongeza robo.