Bomba la Kuazima

Umewahi kumwona mtu mzima amechutama juu ya jiwe, anaokota mavi ya mnyama kwa vijiti, anayafunga kwenye karatasi taratibu kama anayefungia mtoto kashata? Ndiyo kazi aliyokuwa nayo Milembe pale ufukweni Mwamanyili, miaka ile pamba ilipoanza kununuliwa na kila mwenye lori.

Mavi yenyewe yalikuwa ya fisi maji, yule mnyama mrefu wa kahawia anayelala kwenye matete na kula samaki. Felisita, mtafiti kutoka Mwanza, aliyachambua: magamba, miiba, vipande vya kaa. "Fisi maji anakula anachopewa na ziwa," alimweleza. "Akikonda, mayu, mama yangu, ujue ziwa linaumwa."

Wanawake walimtania kisimani. "Mwangaluka, Milembe! Leo umevuna debe zima?" Naye alicheka nao. Aibu ile ilikuwa nyepesi, unaitikisa inadondoka.

Ya leo ilikuwa nyingine. Kando ya matete walilala fisi maji wawili, jike na mtoto wake, povu limewakaukia mdomoni. Dagaa walielea matumbo juu. Felisita alipiga magoti, akanusa.

"Dawa ya pamba," alisema.

Watu walikwishajaa, na macho yote yakamgeukia mzee Mayige, mvuvi. Fisi maji walimchania nyavu kila kukicha, naye aliapa hadharani kwamba atawamaliza.

"Mimi kuapa naapa hata nikijikwaa!" alijitetea. "Nani hanijui?"

"Maji haya tunakunywa," alisema Kristofa, mwenyekiti wa kijiji. "Mtumbwi wake uvutwe juu. Hapa havui tena."

Milembe alitazama miguu yake. Tope lile alilijua. Jana jioni alisimama hapohapo na bomba la kupulizia pamba, la kuazima kwa wifi yake Wilhelmina. Zamani bomba lilikuja na bwana shamba wa ushirika, na shimo la kumwagia masazo ya dawa lilichimbwa kwanza. Sasa dawa ilipatikana gulioni, kwenye chupa ya soda, na bomba ukamwombe mwenye nalo.

Msimu uliopita alilirudisha lina masazo. Wilhelmina akalifungua mbele ya wageni wa harusi nyumbani kwake, akaliinamisha, likatiririka. "Oneni wifi yangu anavyorudisha vyombo vya watu!" Walicheka mpaka wapishi wakaacha miko. Milembe hakula pilau siku ile.

Ndiyo maana jana alimimina yote ziwani, akasuuza, akasugua kwa mchanga mpaka bati likang'aa. Alfajiri Wilhelmina alilinusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Milembe alirudi nyumbani akiimba.

Vijana walishika kamba. Mtumbwi ukakwaruza mchanga. Mayige aliufuata ameuwekea mkono ubavuni, kama anayemsindikiza ng'ombe wake aliyeuzwa.

"Uacheni," Milembe alisema. Hawakumsikia. "Uacheni! Ni mimi. Niliosha bomba hapa."

Kamba ikalegea. Katikati ya watu Wilhelmina alikuwa amesimama, khanga ameiuma kwa meno.

Milembe alimtazama yeye tu. Mkononi karatasi ya mavi ya asubuhi ilikuwa imebonyea.

"Nilitaka ulifungue mbele ya watu, wifi," alisema, "ukose cha kunicheka."