Namba Isiyoshika Mlangoni

Mama Stika alikuwa na ugomvi wa kudumu na watu wa aina mbili: wanaobandua stika kwa kucha, na wanaobandika namba za mashindano kwa gundi ya viatu. Hao wa pili, alisema kila mara, wafungwe tu, kesi isikilizwe baadaye. Mtu ananunua gari kwa jasho lake, anaingia mbio za Jumapili moja, Jumatatu mlango una mabaka utadhani umeugua tetekuwanga. Kwake mambo hayo hayakuwa na nafasi. Chumba chake cha kazi kilitazama barabara, kimejaa mabunda ya plastiki za rangi na harufu ya spiriti, na madereva wa mbio walimfuata kwa sababu moja: namba aliyobandika yeye ilitoka bila kuacha hata kivuli.

Jumamosi hiyo gari lililoegeshwa mbele ya mlango wake lilikuwa la mdogo wake wa kiume, tumbo moja, ambaye mtaa mzima ulimwita Spidi. Jina alipewa utotoni kwa kejeli, maana akitumwa chumvi, chakula kililiwa bila chumvi. Ukubwani akaamua kulitendea haki. Alipagawa na magari, na kesho yake angeshindana kwa mara ya kwanza, kwenye barabara ya vumbi inayopanda mlima na kushuka, mchumba wake akiwa kiti cha pembeni akimsomea ramani. Gari lenyewe, la buluu inayong'aa, aliuziwa na shemeji yake, yaani mume wa Mama Stika, fundi bodi mwenye gereji yake upande wa pili wa mji.

"Dada, nakuomba sana," Spidi alisema akimkabidhi ufunguo. "Jumatatu naegesha kazini ubavuni mwa gari la bosi. Asione hata doa. Akijua nashindana atasema ndiyo maana nachelewa."

"Unachelewa kwa sababu unalala," Mama Stika akamjibu. "Haya, nenda katafute hizo kofia zenu za mbio. Ukirudi utakuta namba zimo."

Akaanza kazi. Akaiosha milango yote miwili kwa maji ya sabuni, akaikausha kwa kitambaa laini, akaipangusa kwa spiriti. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kuliruka hata siku moja: akakata kipande cha tepu ya karatasi, ile wanayotumia wapaka rangi, akakibandika chini kabisa ya mlango mahali pasipoonekana, akakiacha kidogo, akakibandua. Tepu ikitoka tupu, rangi iko imara. Hata gari la mumewe angelipima vivyo hivyo. Si kwamba alimshuku mtu, ila rangi haina undugu.

Mlango wa dereva, tepu ilitoka tupu. Mlango wa abiria, ilitoka na ngozi ya buluu, pana kama ukucha wa kidole gumba.

Mama Stika akaitazama tepu ile mbele na nyuma. Mumewe alikuwa amesema kwa mdomo wake, mezani, watu wakila, kwamba gari hili halijawahi kuguswa na nyundo, kwamba rangi ni ileile ya kiwandani. Rangi ya kiwandani haibanduliwi na tepu ya karatasi. Lakini mke anayempenda mumewe ni wakili asiyehitaji malipo, naye akaanza kumtetea palepale: labda ulikuwa mkwaruzo tu, kapitisha brashi, akasahau kusema. Nani asiyesahau?

Basi gundi isitumike kabisa. Akaamua kutumia sumaku, lile shuka jembamba jeusi ambalo namba hubandikwa juu yake, nalo huukumbatia mlango lenyewe bila gundi. Akakata mawili, akazungusha kona zisije zikadakwa na upepo, akabandika namba juu yake. Ya kwanza akaiweka mlango wa dereva. Ikashika, pa! Ya pili akaiweka mlango wa abiria, akaachia mkono.

Namba ikateleza taratibu, ikamwangukia miguuni.

Akaifuta, akaufuta mlango, akairudisha. Ikaanguka tena. Sumaku haina ujanja: ikikuta chuma inashika, isipokuta haishiki. Akaingia ndani, akachomoa kisumaku kidogo kilichobana karatasi ukutani, akatoka nacho, akaanza kulizunguka gari. Upande wa dereva kilinasa kila mahali. Upande wa abiria kikaanguka mlangoni. Kikaanguka kwenye nguzo iliyo nyuma ya mlango. Kikaanguka kwenye mhimili wa chini. Akagonga kwa kifundo cha kidole: upande mmoja ukalia kama sufuria, mwingine ukajibu kizito kama ukuta wa udongo.

Hakuwa mgeni wa mambo haya. Huwezi kuishi na fundi bodi miaka yote hiyo, ukafua ovaroli zake, usijue puti ni nini, ule uji mzito wa kujazia mabonde kwenye bodi, ukikauka unapigwa msasa na kupakwa rangi. Lakini mtu hajazi puti kwenye nguzo ya gari kwa ajili ya mkwaruzo. Nguzo ndiyo inayobeba paa gari likipinduka. Gari hili lilipondwa ubavu mzima, likakatwa, likaungwa na ubavu wa gari jingine, na mishono ikafunikwa kwa puti na buluu ya kupendeza. Mama Stika aliogopa. Aliogopa mpaka akalazimika kukaa kwenye kizingiti cha mlango wake, sumaku mkononi.

Akampigia mumewe simu. "Njoo hapa dukani."

"Kuna nini?"

"Njoo."

Fundi akaja na ovaroli lake, anafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Akaiona namba iko chini, akamwona mkewe, akajua. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma. Mtu mbaya ungemfukuza, ukapumua.

"Gari hili umeliunga," Mama Stika akasema.

"Nani kakwambia?"

"Sumaku."

Fundi akacheka kidogo, akaona mkewe hacheki, akaacha. "Sikiliza, mama watoto. Mimi nilimuuzia gari la kwendea kazini. Kazini na sokoni. Alikuwa anataka gari, uwezo wake mdogo, nikamtafutia. Nani alijua atapandwa na wazimu wa mbio?"

"Na ulipojua?"

"Nilipojua lilikuwa limeshakuwa lake. Ningemwambia nini? Kwamba shemeji yake tapeli?"

"Ndiyo. Ungemwambia hivyohivyo."

"Nimechomelea kwa mkono wangu. Barabara ya kawaida halina neno."

"Kesho si barabara ya kawaida, baba. Likilala kwa ubavu huu?"

Fundi akasogea karibu, akashusha sauti kama wafanyavyo watu wanaojua wanachosema hakisemeki. "Ni mbio moja tu. Unamjua ndugu yako, ataachwa nyuma mapema, atarudi nyumbani ameridhika. Wiki ijayo nalichukua, nambadilishia, yanakwisha kimyakimya. Weka gundi yako, namba ishike, tusivunjiane heshima."

"Yaani mimi nibandike namba juu ya puti yako, aende nalo mlimani?"

"Mbona unanisema kama muuaji? Wewe si nilikutoa?"

Hilo hakulielewa mara moja. Likamjia polepole. Mwanzoni ndiye yeye aliyekuwa asome ramani. Spidi alimwomba yeye kabla ya mtu mwingine, naye akafurahi mpaka akaona haya. Mumewe akakataa katakata. Kazi nyingi, watoto, vumbi, kifua chako. Mama Stika akamnunia siku kadhaa, akidhani ni wivu wa mwanamume asiyetaka kuona mkewe akitamba. Kumbe Fundi alikuwa anamtoa kwenye kiti kile. Na sasa alilisema kwa sauti ya upole kabisa, kama anayemkumbusha mtu zawadi aliyompa.

"Kwa hiyo ulijua linaweza kuua," akasema. "Ulijua vizuri kabisa."

Wakageuka. Spidi alikuwa anakuja, meno nje, kofia moja chini ya kila kwapa: kubwa yake, ndogo ya mchumba.

"Shemeji! Umekuja kunitakia heri?" Akalizunguka gari. "Dada, mbona namba upande mmoja tu?"

Fundi akawahi. "Sumaku mbovu hiyo, shemeji. Dada yako atakutafutia namna nyingine." Akamtazama mkewe, na macho yake yalikuwa yanaomba. Mama Stika aliyajua macho yale. Yalikuwa yameomba mengi ndani ya nyumba yao, na mengi alikuwa ameyapa. Aliijua pia nyumba yenyewe, meza yake, watoto wake wanaomkimbilia baba yao jioni wakimpekua mifukoni.

"Sumaku nzima," akasema. Akaiokota namba, akampa mdogo wake. "Weka mwenyewe."

Spidi akaweka kofia chini, akaibandika namba mlangoni. Ikaanguka. Akacheka. Akaibandika kwenye nguzo. Ikaanguka. Akaenda upande wa dereva akaijaribu huko, ikashika, akalazimika kuing'oa. Aliporudi hakuwa anacheka tena.

"Ubavu huu wa kuunga," Mama Stika akamwambia. "Puti juu, mishono chini, mpaka kwenye nguzo. Shemeji yako alijua. Usiliendeshe kesho. Usiliendeshe tena."

Alipomaliza kusema alijua amevunja kitu ambacho hakuna fundi wa kukiziba. Alitegemea Spidi apige kelele, amkunje shemeji yake ovaroli. Hata Fundi alikuwa amejiandaa, mabega juu. Lakini Spidi alisimama akikitazama kile kiti cha pembeni kupitia kioo. Kisha akainama, akaiokota ile kofia ndogo, akaipangusa vumbi kwa kiganja.

"Shemeji," akasema polepole, "siku ile ulikuja nyumbani kwangu. Ukaniambia nimwache dada, ana mambo mengi. Nikakwambia sina mtu mwingine wa kumweka pale." Akaigeuza kofia mikononi. "Si wewe uliyesema, mchukue mchumba wako, yeye mwepesi?"

Mama Stika, ambaye hilo hakuwahi kulisikia, akaichukua kofia mikononi mwa mdogo wake, akaishika kwa mikono miwili, na hakuweza kumtazama mumewe.