Joto la Rosine Saa Tatu Asubuhi

Mwaka 1996 Rosine alikuwa darasa la saba katika shule moja ya Magamba, na walimu wake hawakukubaliana kuhusu yeye. Wa vipindi vya asubuhi walimjua kama msichana anayelala juu ya dawati, mate yakilowesha daftari. Wa vipindi vya mwisho walimjua kama yule anayemaliza hesabu wakati wenzake bado wanachora mstari wa pembeni.

Nyumbani tatizo lilikuwa na miaka miwili. Usingizi haukumjia mpaka saa kumi alfajiri. Alikaa kitandani kimya, macho wazi, akisikiliza ndugu zake wakikoroma. Haujapita muda, baba yake, Apollinarie, anamwamsha. Alijaribu maneno, akajaribu fimbo, akajaribu maji ya baridi. Mwishowe akawa anambeba na blanketi lake na kumkalisha uani, jua likichomoza limpige usoni, kwa kuamini kwamba jua ndiyo dawa ya uvivu. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba binti anachoka kwa sababu usiku anatembea na wachawi. Imakulata, mama yake, alipoyasikia hayo kisimani aliacha ndoo palepale akarudi nyumbani analia.

Ndipo Apollinarie alipompakia binti kwenye baiskeli mpaka Mpanda mjini, kwa daktari aliyeitwa Anselmo.

"Akiachwa alale, anaamka saa ngapi?" daktari aliuliza.

"Jumapili moja tulimwacha. Aliamka saa sita mchana, akala, akafua nguo zote za nyumbani."

Anselmo akaweka kalamu chini. "Basi kulala anajua, mzee. Usingizi wake ni mzima, ila unakuja kwa kuchelewa. Mwili una saa yake ndani, na ya huyu binti iko nyuma."

Alisema huko alikosoma kozi wanapima mate ya jioni, kwa sababu kuna kitu mwili unakitoa usiku unapoingia. Maabara ya kupima hayo hapa hakuna. "Lakini joto la mwili nalo linapanda na kushuka kwa zamu. Linafika chini kabisa muda wa saa mbili au tatu kabla mtu hajaamka mwenyewe. Tukiijua saa hiyo, tutajua mwili wake uko wapi." Akampa kipimajoto na daftari, wasubiri likizo ya Juni.

Wiki ya kwanza ya likizo walimwacha Rosine alale anavyotaka, Apollinarie akiandika saa ya kulala na ya kuamka. Kisha zikaja siku tatu za kipimajoto. Dirisha lilizibwa kwa gunia, Rosine akabaki kitandani, na kila baada ya saa moja kipimajoto kikaingia kwapani. Imakulata alipima mchana. Usiku na asubuhi alipima Apollinarie, mwenye mikono iliyokauka kwa jembe, akiogopa kukivunja kile kioo.

"Baba, wewe unalala saa ngapi?" Rosine alimuuliza usiku wa pili.

"Tutalala tukimaliza."

"Mimi sijifanyi, Baba. Nafumba macho, nasali, nahesabu. Hauji."

Alimjibu kwamba anajua. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia hivyo.

Daktari alichora namba zile kwenye karatasi ya miraba. Siku zote tatu mstari ulianguka mahali pamoja: saa tatu asubuhi, nyuzi thelathini na tano na pointi nane.

"Kwako na kwangu linaanguka saa kumi alfajiri," Anselmo alisema. "Yeye saa tatu. Kumwamsha saa kumi na mbili ni kama mtu akuamshe wewe saa saba usiku akupe hesabu. Dawa ni jua, lakini kwa saa yake. Likimpata baada ya joto kufika chini, linamvuta awahi. Likimpata kabla, linamchelewesha zaidi."

"Kabla?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nimekuwa nikimtoa nje jua linachomoza. Miaka miwili."

Anselmo aliitazama karatasi. "Hukujua," alisema.

Walianza upya. Rosine alitolewa juani saa nne, na kila baada ya siku chache walipunguza nusu saa. Jioni hakukaa karibu na taa, maana mwanga nao ungemchelewesha. Likizo ilipoisha alikuwa analala saa nane usiku. Imakulata alipika wali siku hiyo.

Kisha shule ikafunguliwa. Mwalimu mkuu, Damiano, aliisoma barua ya daktari mara mbili. Hakuwa mtu mbaya. "Nikimruhusu mmoja aje saa nne, mkaguzi atauliza, na wazazi wengine watauliza. Na hata nikimruhusu, mtihani wa taifa siupangi mimi. Unaanza saa mbili."

Kwa hiyo Rosine alirudi kuamshwa gizani. Baba yake alimfunika kichwa kwa kanga njia nzima ili jua lisimfikie mapema, watu wakacheka. Haikusaidia, kwa sababu uwanja wa shule haukuwa na kivuli. Mwezi haukuisha, usingizi ukarudi saa kumi.

Siku ya mtihani wa hesabu Apollinarie alisimama barabarani, maana askari hakuruhusu mzazi kusogea. Saa mbili milango ikafungwa. Ilipofika saa tatu alijua mwili wa mwanawe uko wapi, alijua mpaka nyuzi za joto lake, na hakuwa na la kufanya. Alimwambia askari, "Kuna mtoto mle ndani analala." Askari akamjibu kwamba msimamizi hana kazi ya kuamsha watoto.

Rosine alitoka wa mwisho, alama ya penseli imejichora shavuni.

"Nilifika swali la kumi na moja," alisema. "Nilipoamka walikuwa wanasema zimebaki dakika kumi."

Majina ya waliochaguliwa yalitoka Desemba. Lake halikuwemo. Anselmo alipokutana na Apollinarie sokoni aliomba wampime tena Rosine, huenda umri ukiongezeka mambo yatabadilika.

"Tukishapima, daktari, tutafanya nini?"

Walishikana mikono wakaachana.

Mvua zilipokolea Apollinarie alikwenda shambani peke yake kila alfajiri. Rosine alifika saa saba mchana, akaanza tuta lake na kulima haraka, bila kupumzika. Jioni baba yake alichoka kabla yake. Alikaa kwenye ukingo wa shamba akimwangalia binti yake akilima kuelekea gizani.